Kuchambua Toleo Moja la X-Men Kijiweni Magomeni

Ukichambua filamu una bahati: inaanza, inakwisha, taa zinawashwa, watu wanakwenda zao. Toleo moja la katuni ya mashujaa inayotoka kila mwezi ni shughuli nyingine. Unakabidhiwa kurasa ishirini na kitu za hadithi iliyoanza kabla hujazaliwa na ambayo haina mpango wa kwisha. Ikiwa ni katuni ya timu ndiyo kabisa: watu saba wanane, kila mmoja na nguvu zake, machungu yake, na mashabiki wake wanaokuvizia uteleze wakurukie.

Mimi kazi inayoniweka mjini ni kupanga kurasa katika duka moja la uchapaji Kariakoo: kadi za harusi, vitabu vya risiti, vipeperushi vya tuisheni. Uchambuzi wa katuni nimejifunzia Magomeni, Jumapili jioni, kwenye kijiwe cha kahawa, mbele ya watu ambao hakuna aliyeniomba nichambue. Yupo mzee mwenye birika lake na kashata, ambaye hunyamaza muda mrefu kisha hutupa swali moja. Yupo dada fundi cherehani, kibanda chake kimepakana na kijiwe. Wapo bodaboda wanaongoja abiria, vijana wawili wanaochora, na mpwa wangu wa sekondari ambaye huja kwa sababu ya kashata, lakini ubishi ukianza haondoki tena.

Kitabu nilikipata kwa wauza vitabu vya mitumba wanaotandaza chini maeneo ya Posta. Ni buku nene la karatasi za gazeti, nyeusi na nyeupe tupu, lililokusanya X-Men, katuni ya timu ya mashujaa ya kampuni ya Marvel ya Marekani, kuanzia toleo la 120 hadi la 144. Muuzaji alikuwa amelibana katikati ya kitabu cha uhasibu na Biolojia ya kidato cha pili, akilihesabu kuwa la watoto, kwa hiyo na bei tuliyopatana ilikuwa ya kitabu cha watoto. Ndani yake limo toleo la 137, la Septemba 1980. Limeandikwa na Chris Claremont, mchoraji ni John Byrne, ambaye pia alishirikiana naye kuitunga hadithi, na aliyepitisha wino ni Terry Austin. Hakuna toleo nililolirudia kijiweni kama hilo.

Kwa asiyelijua, mambo yako hivi. Jean Grey, mmoja wa X-Men wa tangu 1963, amepata nguvu za ajabu za anga ziitwazo Phoenix na zimemzidi. Katika toleo la 135 zilimpanda kichwani, akaimeza nyota moja ya mbali, na sayari iliyokuwa ikiizunguka ikateketea na watu wake bilioni tano. Wenzake wamemdhibiti, Profesa Xavier, mwanzilishi wa timu, amezifungia nguvu zile, Jean amerudi kuwa Jean. Toleo la 137 linafunguka himaya ya Shi'ar, viumbe wa anga za mbali, ikitaka auawe. Xavier anadai pambano la heshima, desturi ya Shi'ar ambayo mtawala wao Lilandra, aliye pia mpenzi wake, hana njia ya kuikataa. Watapigana mwezini, kwenye magofu, X-Men upande mmoja na walinzi wa himaya, Imperial Guard, upande wa pili. X-Men wanazidiwa mmoja baada ya mwingine. Nguvu za Phoenix zinapoanza kumrudia Jean, anajiua kwa silaha ya kale mbele ya Scott Summers, mpenzi wake.

Nimeyamaliza yote kwa aya moja, na nimefanya makusudi. Watu wa rika langu tumekulia vibanda vya video. Marehemu Derek Mukandala, ambaye mji mzima ulimjua kwa jina la Lufufu, alichukua filamu za nje akazisemesha Kiswahili, na sisi watoto tulitoka kibandani tukimuiga yeye kuliko tulivyomuiga yule shujaa wa kwenye filamu. Kwa hiyo nilipoanza kuzungumzia katuni kijiweni nilikuwa Lufufu mtupu. Kila mhusika nilimpa sauti yake, mabomu nikayalipua kwa mdomo, pale Jean anapoaga nikateremsha sauti mpaka mwenye bodaboda akazima injini. Watu walifurahi, kahawa ikanyweka. Tulipokuwa tunaondoka kijana mmoja akanishika mkono: "Kaka, umenimalizia kila kitu. Sina haja ya kukisoma tena."

Alikuwa ananisifu, na moyoni hakuwa na ubaya. Ila toka siku ile hadithi naitoa kwa pumzi moja, kisha naigeukia kazi yenyewe: toleo hili limejengwaje, limempa nani nini, limenifanyia nini mimi msomaji ambaye sikuwapo tangu mwanzo wa hadithi.

Katuni ya timu naipima kwa mgao. Nachukua karatasi, naandika majina ya wahusika juu, kisha nasoma fremu moja moja. Natia alama chini ya jina la mtu pale tu anaposema au kutenda jambo ambalo ukimpa mwenzake halikai. Mtu akisema "Angalieni nyuma!" hapati alama, hayo angeyasema yeyote. Akipiga ngumi tu, hapati. Mashabiki wa Simba na Yanga hawana haja ya kuelezwa kwa nini: unaweza kusajili nyota kumi na mmoja, na bado ukaona watu kumi wanamtazama mmoja akicheza.

Ukilipima toleo la 137 kwa karatasi hiyo, alama zinajaa mahali ambapo msomaji wa haraka hufungua na kupita: usiku wa kuamkia pambano. Hapo hakuna anayerushiwa chochote. Kila mmoja amebaki na nafsi yake, anajiuliza kesho anakwenda kumpigania nani: Jean aliyekula naye meza moja, au mwuaji wa sayari nzima? Angel mwenye mabawa na Beast mwenye manyoya, ambao hata kwenye kikosi cha wakati huo hawakuwamo, wana maswali yao. Wolverine ana yake. Colossus, kijana wa shambani kutoka Muungano wa Kisovieti, ana yake. Wanafika asubuhi wakiwa upande mmoja, lakini kila mmoja amefika kwa njia yake. Kurasa zile ndizo zinazolipia gharama ya vita vinavyofuata, kwa sababu X-Men mmoja akianguka, unajua ni wasiwasi gani umeanguka naye.

Vita vyenyewe sivyo vinavyolibeba toleo. Nasema hivi nikijua kuna watakaonichukia. Wale Imperial Guard walibuniwa 1977 na Dave Cockrum, mchoraji aliyemtangulia Byrne, na aliwaunda kwa kuwachekea Legion of Super-Heroes, timu ya kampuni pinzani ya DC ambayo aliwahi kuichora yeye mwenyewe. Msomaji wa Marekani anayewajua Legion anapata ladha ya utani huo. Sisi Magomeni tulipata msururu wa watu wenye mavazi ya ajabu. Bodaboda mmoja aliangalia ukurasa kwa utulivu kabisa akauliza, "Hawa timu ya taifa ya wapi?" Nikatazama karatasi yangu: upande wao karibu hakuna alama hata moja. Wamekuja kushinda, wameshinda, basi.

Na Storm, mwanamke wa X-Men anayeamuru mvua na upepo, amepewa nafasi finyu kuliko nilivyotaka, lakini kwa Storm mimi si hakimu wa kuaminika. Sisi wa Afrika Mashariki tukiisoma X-Men tunamkodolea yeye. Len Wein na Dave Cockrum walimleta 1975, wakamwonesha Kenya, watu wamemwinamia wakimwabudu kama mungu wa mvua. Baadaye Claremont akamjazia historia: mama binti wa kifalme wa Kenya, baba Mmarekani mpiga picha za habari, utoto wa Cairo, kisha safari ndefu ya miguu kuja huku kwetu. Nilipowaonesha picha ile ya kuabudiwa, mzee wa kahawa akainamia simu, akatazama, akasema Wakenya anaowajua yeye wangekuwa wameshamfungulia kampuni ya umwagiliaji. Tukacheka mpaka kahawa ikatupalia. Lakini nimejizuia nisilitwishe toleo la 1980 deni la picha ya 1975. Ukianza kuchambua mfululizo mzima kila unapofungua toleo moja, hilo toleo halipati zamu.

Kuna jambo nililipata kwa sababu tu ya umaskini wa kile kitabu. Katika rangi, Jean akiwa Phoenix huvaa kijani, na anapopinduka kuwa Phoenix wa giza vazi linakuwa jekundu. Wasomaji wa 1980 walilipata jambo hilo kwa jicho, kabla ya kusoma neno. Mtia rangi, Glynis Wein, aliwapa taarifa mapema. Mimi nyeusi na nyeupe haikuniambia chochote. Nilikuwa nasoma uso na mkao wa mwili tu. Miaka ilipita ndipo nikaona kurasa zilezile zenye rangi kwenye simu, nikahisi kama kuna mtu alikuwa ameninong'onezea siku zote na mimi sikuwa na sikio. Kwa upande wa pili, bila rangi, wino wa Terry Austin unaonekana wote. Kila tofali la yale magofu limepigiwa mstari wake. Mashine za Shi'ar zina vifungo na mabomba ambayo rangi huyafunika. Sasa kila ninapochambua nasema wazi nimesoma chapa gani, maana watu wawili wanaweza kubishana kumbe hawakuona ukurasa mmoja.

Na nyeusi na nyeupe haikumzuia dada fundi. Alikuwa anapinda suruali ya mtu, akachukua kitabu changu kwa mkono mmoja, akapekua. Akasimama kwenye fremu ambayo Jean anatoka kwenda pambanoni.

"Huyu kabadili nguo."

Kweli. Jean amevaa vazi lake la zamani, gauni fupi na kinyago chenye ncha, alilokuwa akilivaa siku za Marvel Girl, jina lake la kwanza la kishujaa, kabla ya Phoenix. Nilikuwa nimeliona bila kulitilia maanani. Nililihesabu kuwa ni mchoraji kukumbuka mambo ya kale.

"Nguo hii kiunoni haikushonwa kwa ajili ya kupigana," akasema fundi. "Mtu akienda kwenye shughuli kubwa akachagua nguo ya zamani namna hii, ana lake. Ameshaamua."

Hakuwa amefika mwisho wa toleo. Huko mwisho Scott ndiye anayeeleza kwamba Jean alilipanga jambo lile tangu walipokanyaga mwezini. Dada fundi alilipata kwenye pindo la gauni, kurasa nyingi kabla. Tangu hapo nikifika kwenye mchoro najilazimisha kuutazama kwa kazi ya mtu fulani: fundi angeona nini, dereva angeona nini. Mimi mwenyewe nikiachwa nitatazama herufi tu.

Herufi, basi, kwa kuwa ni riziki yangu. Aliyeziandika ni Tom Orzechowski, kwa mkono, na kama duniani kuna mtu anayestahili pole na hongera kwa pamoja ni yeye. Claremont ni mwingi wa maneno. Mhusika wake hawezi kuruka kutoka dirishani bila kueleza anavyojisikia akiwa hewani. Kampuni ya Marvel ilikuwa na utaratibu wake: mwandishi na mchoraji wanakubaliana mtiririko wa hadithi, mchoraji anachora kurasa zote, halafu mwandishi ndiye anaketi mbele ya kurasa zilizochorwa na kuweka mazungumzo. Ndiyo maana mara nyingi unakuta mchoro umeshasema na maneno yamekuja kusema tena. Mfano uko mwisho palepale. Byrne amechora kila kitu kinachohitajika, umbali kati ya wale wawili, uso wa Jean, ule mwanga. Kisha Scott anapiga magoti na kutueleza kwa kirefu Jean alifanya nini na alikifanyaje. Ningekuwa mhariri ningeifuta nusu yake. Lakini tazama Orzechowski alivyoyapanga: maneno yote yale yamekaa, yanasomeka, hayajamkanyaga mtu usoni. Mteja wangu akileta kadi ya harusi yenye majina ya wazazi, mababu, kamati na namba za michango, huwa namkumbuka bwana huyu.

Mpwa wangu ndiye kipimo changu cha mgeni. Yeye X-Men alizijua kwa filamu, hakuwahi kushika toleo hata moja, na nilimpa la 137 bila maelezo.

"Mjomba, huyu mwenye mabawa ni nani? Na huyu wa manyoya?"

"Soma."

Akasoma. Baada ya kurasa kadhaa hakuuliza tena. Katuni za zamani zina tabia moja iliyokuwa ikinikera: mtu anapigana huku anajitaja, anataja nguvu zake, anamtaja adui yake na walipokutana mara ya mwisho. Nilikuwa nikiiona ni ushamba. Kumbe mpwa wangu alikuwa anakanyagia mawe hayohayo kuvuka mto. Toleo la kila mwezi lilikuwa likiuzwa kwenye vibanda vya magazeti, na mtu aliyelinunua leo huenda la mwezi uliopita hakuliona na hana pa kulipata. Sisi tuliokua na jarida la Sani hatukulijua tatizo hilo, maana vituko vya Ndumilakuwili na Kipepe vilianza na kwisha palepale. Toleo lijalo wanaanza upya kana kwamba hakuna kilichotokea. Tulilolijua ni lile "itaendelea" la hadithi za magazetini, linalokuacha na mtu ameshika kitasa cha mlango. X-Men nao waliijua mbinu hiyo vizuri: toleo la 132 linakwisha na Wolverine kwenye mtaro wa maji machafu, wenzake wote wamekamatwa, akitangaza kwamba wale jamaa wameshapiga, sasa zamu ni yake. Ukiona hivyo lazima mwezi ujao utafute hela.

La 137 halikuachi na kitasa. Linafunga mlango. Anayesema mwisho ni yule Watcher, kiumbe anayetazama ulimwengu wote bila kuingilia, na maneno yake yanahusu Jean aliyeweza kuwa mungu akachagua kufa binadamu. Toleo la 138 ni maziko, na Scott akikumbuka historia yote ya X-Men tangu mwanzo, kisha anaondoka. Kwa mchambuzi hilo ni jambo la kutaja: katuni inayoishi kwa kuendelea ilithubutu kusimama.

Siku hiyo mzee wa kahawa alikuwa ameosha vikombe vyote ndipo akauliza.

"Na wale bilioni tano, nani kawalilia?"

Nilikuwa na jibu la kitabuni. Toleo hili halikuandikwa liishe hivi. Claremont na Byrne walikuwa wamelimaliza kwa mwisho mwingine, na kurasa zilikuwa zimeshachorwa: X-Men wanashindwa, Shi'ar wanamfanyia Jean jambo akilini wanamwondolea nguvu, anarudi nyumbani na Scott akiwa mtu wa kawaida. Mhariri mkuu wa Marvel, Jim Shooter, akakataa. Hoja yake ilikuwa kwamba aliyeua sayari nzima hawezi kwenda nyumbani hivihivi. Mwisho ukachorwa upya, na ule wa kwanza ulikuja kuchapishwa peke yake 1984. Nikamweleza mzee kwamba swali lake lilishaulizwa New York, makao ya Marvel, na ndilo lililomuua Jean.

Akamimina kahawa. "Wamemuua yeye, sawa. Mimi nimeuliza nani kawalilia wale."

Hapo sikuwa na la kusema, na hadi leo uchambuzi wangu wa toleo hili una sehemu hiyo iliyobaki wazi. Wale watu wana jina, wanaitwa D'Bari, na mmoja wao aliwahi kutokea katika Avengers toleo la 4, mwaka 1964. Kwenye 137 ni hesabu inayotajwa kwenye mashtaka. Machozi yote ya toleo ni ya Scott, ya Xavier, ya wenzake. Nafikiri ndivyo katuni za timu zilivyo: zinakuleta karibu sana na watu wanane hivi kwamba bilioni tano wanakuwa mandhari. Shooter alitaka adhabu akaipata. Mzee alitaka matanga.

Mpwa wangu naye akaongeza la kwake, akitafuna: "Halafu si anarudi?"

Anarudi. Mwaka 1986, kwenye Fantastic Four toleo la 286, katuni nyingine ya Marvel, walieleza kwamba aliyekufa mwezini hakuwa Jean bali Phoenix mwenyewe aliyejigeuza Jean, na Jean halisi alikuwa amehifadhiwa chini ya maji muda wote. Scott, ambaye kwa wakati huo alishaoa mke mwingine, Madelyne Pryor, na kuzaa naye, akamwacha mkewe na mtoto kwenda kujiunga na Jean katika katuni mpya ya timu, X-Factor. Uamuzi ule kwangu ulimharibu Scott zaidi ya adui yeyote, na nitaurudia siku nikiichambua X-Factor. Lakini siwezi kushika kalamu ya 1986 kulihukumu toleo la 1980. Aliyelinunua Septemba ile hakuwa na 1986 mfukoni. Nimemwambia mpwa wangu alisome kama aliyenunua siku hiyo. Amesema hawezi, ameshajua, na mimi naona wote wawili tuna haki. Ndiyo maana uchambuzi wa toleo la zamani nautenga: kwanza lilivyokuwa siku lilipotoka, kisha lilivyo leo mikononi mwa mtu aliyeona filamu.

Wale vijana wawili wanaochora walikuwa wakisikiliza siku zote hizo bila kusema kitu. Kumbe wana lao. Wakaniletea toleo la kwanza la katuni yao, fotokopi za nusu karatasi zilizobanwa pini mbili: timu ya watu sita wa Dar es Salaam wenye nguvu. Konda wa daladala anayesikia mawazo ya abiria. Mama lishe ambaye moto haumwunguzi. Mvuvi wa Feri, na wengine watatu. Ukurasa wa kwanza wote sita wamejipanga juu ya Daraja la Tanzanite, mikono wameikunja kifuani, upepo unawapepea.

Kumchambua Claremont ni rahisi, hayupo Magomeni. Kumchambua mtu anayekutazama usoni kila ukigeuza ukurasa, huku akihesabu pumzi zako, kunataka ustaarabu mwingine. Nilianza na fremu iliyonigusa kwa kweli: mikono ya mama lishe ikiinua sufuria jikoni bila kitambaa, na mteja mbele yake haoni ajabu yoyote, anataka tu wali wake. Hakuna maneno. Nikawaambia hiyo ni katuni. Kisha nikatoa karatasi yangu ya alama nikaiweka mezani. Konda alikuwa na alama nyingi, mama lishe ile moja. Wanne waliobaki hawakuwa na kitu; kazi yao ilikuwa kusema "Twendeni!" na kukubali.

"Hao tutawaeleza toleo lijalo, kaka."

Nikawauliza toleo lijalo wamelipia wapi. Ni swali la mtu wa duka la uchapaji, lakini ni swali la mchambuzi pia. Msomaji wa Kariakoo aliyetoa hela yake leo hana mkataba nawe. Nikawaambia wawaache watatu nyumbani, na wale watakaobaki asiwepo anayekubali haraka. Mmoja alinuna, mwenzake akaandika.

Toleo la pili limekuja juzi. Wamebaki watatu, na mvuvi anakataa kata kata kwenda kwa sababu usiku huo ni wa giza na dagaa wanavuliwa usiku wa giza. Wenzake inabidi wamtafutie mtu wa kumshikia zamu ndipo waokoe mji. Hilo nimelipenda kuliko mapigano yao yote. Ukurasa wa tisa ndio tumekorofishana. Konda anasikia mawazo ya basi zima kwa mpigo mmoja, vijiputo vya maneno vimejaa toka dari hadi sakafu, na herufi ni ndogo hivi kwamba mashine ya fotokopi imezimeza nusu. Nimewaambia wapunguze abiria. Wamekubali kukuza herufi kwenye kurasa nyingine zote, ila ule wa tisa wamesema hawaugusi, daladala ya Mbagala ndivyo inavyojaa.